Roho Haikui kwa Kusubiri Ujisikie Tayari

Wasikilize watu wanaozungumzia maisha yao ya kiroho bila kujificha, na utakuta kauli zilezile zinarudi. Mimi si mtu wa sala. Nimeanza mara nyingi nikaishia njiani. Ningesomeshwa dini tangu utotoni ningeweza, sasa umri umekwenda. Yule kajaliwa, mimi sikujaliwa. Msemaji huyatamka maneno haya kama anayetaja kimo chake au kijiji alikozaliwa, jambo lililokwisha kuamuliwa na lisilokatiwa rufaa. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sehemu kubwa ya mipaka hiyo si maumbile, wala si hukumu ya Mungu. Ni mazoea ya kuacha. Na mazoea hayo hayaondoki kwa kukata shauri usiku mmoja, wala kwa kujisemea maneno ya kujipa moyo. Huondoka kwa tendo dogo linalofanywa kabla moyo haujawa tayari, likarudiwa, na mara nyingi kwa msaada wa mtu mwingine. Kuamini kwamba roho inakua ni kukubali kutenda katika kipindi ambacho matunda bado hayaonekani.

Ushahidi wa kwanza hautoki msikitini wala kanisani. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ya mbwa ambayo leo kamati nyingi za maadili ya utafiti zingeyakataa. Mbwa wa kundi la kwanza walipigwa shoti ya umeme, lakini waliweza kuizima kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili walipata shoti ileile kwa muda uleule, ila wao wakisukuma kibao hapakuwa na kilichobadilika. Kundi la tatu halikuguswa. Kesho yake kila mbwa akatiwa kwenye sanduku lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kizuizi kifupi. Sakafu ikipitisha umeme, kilichotakiwa ni kuruka tu kwenda upande wa pili. Wa kundi la kwanza na la tatu waliruka. Wa kundi la pili, takriban theluthi mbili yao, walihangaika kidogo kisha wakalala chini wakilia, na njia ya kutokea iko wazi mbele yao. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni jinsi walivyopona. Kuwaondolea kizuizi hakukutosha. Kuwaita kutoka upande wa pili na kuwawekea chakula hakukusaidia. Kilichosaidia ni mtafiti kuwafunga kamba na kuwavuta hadi upande salama, tena na tena. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuburura mzigo. Nguvu za kuvuta zikapungua safari kwa safari, hadi mbwa akaruka mwenyewe, na akaendelea kuruka.

Kwa karibu miaka 50 matokeo hayo yalielezwa kwamba mnyama alijifunza kuwa juhudi hazina maana. Mwaka 2016 Maier na Seligman wakachapisha makala iliyopindua maelezo yao wenyewe. Maier alikuwa amehamia kwenye utafiti wa ubongo, akifanya kazi zaidi na panya, na kilichoonekana ni kinyume cha walivyodhani. Kiumbe kinapopatwa na mateso ya muda mrefu, sehemu iliyo ndani ya shina la ubongo huleta hali ya kulegea bila kufundishwa na yeyote. Hiyo ndiyo asili. Kinachofunzwa ni upande wa pili. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishagundua kwamba tendo fulani limeleta mabadiliko, huizima ile hali ya kulegea, na uzoefu huo huendelea kumkinga mnyama hata anapokutana baadaye na mateso asiyo na uwezo nayo. Kwangu mimi ugunduzi huu una uzito mkubwa kwa yeyote anayejiona ameshindwa kiroho. Kule kukata tamaa kwake hakuthibitishi kwamba roho yake ni dhaifu kuliko za wenzake. Ndivyo kiumbe chochote kinavyofanya kikipigwa sana. Tena tumaini halimngojei afute kwanza yote yaliyompata. Linafunzwa upya, na mwalimu wake ni tendo lililozaa matokeo, hata yawe madogo.

Msomaji atasema kwamba mbwa na panya hawamwombi Mungu. Ni kweli, na sidai kwamba maabara inaweza kupima neema. Inachoweza ni kueleza mwili na nafsi ambamo neema inafanya kazi, na kwa binadamu picha haitofautiani sana. Mwaka 1969 Albert Bandura na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliowaogopa nyoka kupita kiasi. Waliotazama filamu za watu wakicheza na nyoka walipata nafuu kiasi. Waliopona zaidi ni wale ambao mtaalamu alikwenda nao hatua kwa hatua: kumtazama nyoka kupitia kioo, kuingia chumbani alimo, kumgusa wakiwa wamevaa glavu, kisha kwa mkono mtupu. Hakuna aliyeambiwa asubiri hofu iishe ndipo aguse. Mkono ulitangulia, hofu ikafuata kupungua.

Walimu wa roho walilijua jambo hili karne nyingi kabla. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus huko Uajemi mwaka 1058, analishughulikia waziwazi katika Ihya Ulum al-Din. Zama zake walikuwepo waliodai kwamba tabia ya ndani haibadiliki, kama umbo la nje lisivyobadilika. Anawajibu kwamba hilo likiwa kweli, basi mawaidha yote na malezi yote ni kazi bure. Na kwamba ikiwa kozi wa porini anafunzwa akamzoea mtu, vipi tumnyime binadamu uwezo huo? Kisha anatoa mfano wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende bado, lakini imeumbwa iweze kuwa mtende ikipata malezi. Na haitakuwa mtofaa hata ikimwagiliwa namna gani. Mfano huu naupenda kwa sababu unakataa mambo mawili kwa pamoja. Unakataa kauli ya sikujaliwa, na unakataa pia ahadi kwamba mtu anaweza kuwa chochote anachokitamani. Ghazali hasemi hasira ing'olewe, anasema itawaliwe. Na njia anayoelekeza ni ya vitendo kabisa. Anayetaka kuwa mkarimu aanze kutoa kwa kujilazimisha, kama anayetaka kuwa hodari wa hati anavyoanza kwa kuiga hati nzuri ya mwingine, hadi kile kilichokuwa mzigo kiwe tabia.

Yeye mwenyewe alilipitia. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi wa zama zake wangekitamani, alijua kwamba anafundisha kwa ajili ya sifa na kwamba lazima aondoke. Katika simulizi ya maisha yake anaeleza jinsi alivyoyumba karibu miezi 6, leo akiazimia kuondoka, kesho akilegea. Ulimi ukakataa kufundisha, chakula hakipiti, matabibu wakakata tamaa. Hapa palikuwa na elimu isiyo na mfano na azma ya kweli, na vyote viwili havikumtoa mlangoni. Alichofanya mwishowe ni kukiri kwamba hana nguvu, akaomba msaada kwa Mungu kama mtu aliyeishiwa, akagawa mali yake isipokuwa ya kukidhi yeye na watoto wake, na kushika njia ya Sham. Hakurudi kufundisha rasmi hadi 1106.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya dini yenyewe. Muumini mnyoofu atauliza: kuivuka mipaka yangu si kiburi? Si afadhali nikae na kiasi nilichopangiwa? Swali hili linastahili heshima, kwa kuwa kiburi cha kiroho kipo na kinaharibu watu. Lakini yako mambo mawili ya kutenganisha, na aliyeyatenganisha vizuri ni Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyezaliwa 1515. Anaeleza kwamba aliacha sala ya faragha kwa zaidi ya mwaka mmoja, tena akidhani ni unyenyekevu: mtu mwenye makosa kama yeye atathubutu vipi kukaa karibu na Mungu? Baadaye aliita hali hiyo kishawishi kibaya kuliko vyote vilivyompata maishani. Unyenyekevu wa kweli, kwa maelezo yake, huleta utulivu hata unapouma. Ule wa uongo huleta fadhaa na humtoa mtu katika sala. Kipimo hiki kinafaa hadi leo. Kama kujiona hustahili kunakupeleka kwenye toba na ibada, ni unyenyekevu. Kama kunakutoa huko, ni kitu kingine kilichovaa kanzu yake. Hata suala la majaliwa linajibiwa hivyo. Ghazali, aliyeandika kitabu kizima juu ya kumtegemea Mungu, anasema kwamba mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake, akidai anategemea, hana tawakali, ana wazimu. Na katika mfano wa talanta alioutoa Yesu, yule mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake alijitetea kwa hofu, na utetezi wake haukukubaliwa.

Pingamizi la pili lina hasira ndani yake, na lina haki. Kumwambia mtu maskini, mgonjwa au aliyebaguliwa kwamba amejiwekea mipaka mwenyewe ni kumwongezea jeraha. Mipaka mingi iliwekwa na wengine kwanza, ndipo mwenyewe akaizoea. Lamu ya mwishoni mwa karne ya 19 inalionyesha hili vizuri. Watumwa, waliozaliwa na watumwa na wageni wasio na nasaba walihesabiwa na wakubwa wa mji kuwa elimu ya juu ya dini si fungu lao. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, akawafungulia darsa, akawafundisha Kurani na elimu nyingine, na akazileta kasida na matari katika maulidi, jambo lililowaudhi waliojiona walinzi wa dini. Msikiti wa Riyadha uliosimama kwa juhudi zake umeendelea kuwa kituo cha elimu pwani nzima baada ya kufa kwake mwaka 1935. Kilichoanza pale si hotuba ya kuwaambia wanyonge wajiamini. Ni mtu mwenye heshima aliyekaa nao chini, kitabu kikiwa wazi.

Kimani Maruge naye anafaa kutajwa hapa, ingawa hadithi yake imesimuliwa sana. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret; moja ya sababu alizotoa ni kutaka kujisomea Biblia. Watu husifu moyo wake na kusahau kwamba mwaka mmoja kabla serikali ya Kenya ilifuta karo ya shule za msingi, na kwamba yuko mwalimu mkuu aliyekubali kumpokea licha ya manung'uniko. Mlango wa nje ulifunguliwa. Lakini wazee wengine wengi walikuwa na mlango uleule na hawakuingia, na hapo ndipo mpaka wa ndani unapoonekana. Alibatizwa mwaka 2009, miezi michache kabla ya kufariki. Kwa hiyo mwalimu wa dini anayehubiri juu ya kuvunja mipaka ana wajibu wa kuuliza kwanza kama yeye mwenyewe, au jumuiya yake, hashikilii ufunguo wa mlango fulani.

Wako wahubiri ambao mipaka wanaivunja kila wiki, kwa kipaza sauti, kwa mafuta ya upako na kwa sadaka ya mbegu. Nasema bila kuficha kwamba wanaumiza watu. Wanafundisha kwamba ukitamka na kujiona tayari umepokea, umepokea. Na anayebaki na shida yake hurudi nyumbani na mpaka mpya, wa kwamba hata imani hana. Gabriele Oettingen, mtafiti wa saikolojia, alionyesha mwaka 1991 akiwa na Thomas Wadden kwamba wanawake katika mpango wa kupunguza uzito ambao walijichorea picha tamu zaidi za mafanikio walipungua kidogo kuliko wengine, ilhali walioamini kwa utulivu kwamba wataweza walipungua zaidi. Ndoto tamu humpa mtu ladha ya kufika, naye hupunguza mwendo. Kuamini ni kitu tofauti, na hakumwondolei mtu safari.

Safari yenyewe ni ya hatua ndogo kuliko watu wanavyopenda. Aliyeacha sala miaka mitatu asijipangie kukesha. Rakaa mbili, au tendo moja la rozari badala ya matano, saa ileile na mahali palepale, linatosha kuanzia. Awe na mtu mmoja anayejua, sheikh, mlezi wa kiroho au mwenzake wa jumuiya, ambaye kazi yake ni kumvuta siku asipotaka na si kumkagua. Ikiwa kulegea kwake kumefika mahali pa kukosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi, aende hospitali pia, kwa kuwa sonona ni ugonjwa na kuutibu hakupunguzi imani. Na asijipime kwa anachokihisi akiwa kwenye mkeka au kwenye benchi la kanisa. Teresa, baada ya kurudi kwenye sala, anakiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisikiliza saa igonge ili muda wa sala uishe upesi. Jambo la kuangalia ni muda unaopita kati ya kuanguka na kurudi. Aliyekuwa akikaa miezi kabla ya kurudi, sasa akirudi baada ya siku tatu, amekwisha kukua, hata kama moyoni bado anajiona yuleyule.