CAN gani? Soma mufuko mbele ya kulipa

Ndugu wamemba, mukisikia CAN, wengi munafikiri mpira: kombe ambalo Léopards walichukua 1968 na 1974. Kwa duka la mbolea, CAN iko kitu kingine: azoti pamoja na chokaa.

Tuliona shamba moja la mahindi ambamo walipanda na CAN, wakifikiri iko sawa na DAP. Mahindi ilibaki fupi, majani rangi ya zambarau: ilikosa fosfati.

Mufuko wa DAP wa kilo 50 (18-46-0) uko na kilo 23 za fosfati, chakula cha mizizi. CAN haina hata kidogo.

Basi, tuangalie namba ya kati. Ikiwa 0, si mbolea ya kupandia. Tuiweke wakati mahindi inafika kwenye magoti.