Skrini Mbili kwa Kompyuta Moja: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu anayefundisha kwa kompyuta yenye skrini moja hukabiliwa na tatizo la mbinu. Akiielekeza skrini kwa wanafunzi, hata majibu aliyoyaandaa huonekana, nao hunakili badala ya kufikiri. Dawa yake ni skrini mbili: moja, au projekta, ioneshe darasa ramani ya Mkoa wa Kigoma isiyo na majina; nyingine, mbele ya mwalimu, iwe na majina ya Kibondo, Kasulu na Ziwa Tanganyika. Mwanachuo wa Kabanga yampasa ajue jambo hili linavyotendeka, kusudi fedha ya shule isipotee bure.

Kwanza, chunguza nyuma ya kompyuta ya mezani. Kompyuta nyingi hutengeneza picha bila kadi ya michoro ya pekee. Yakiwapo matundu mawili ya skrini, mathalani VGA na HDMI, mara nyingi hakuna haja ya kununua kadi. Waya wa kugawanya picha haufai, kwani hupeleka picha ileile kwenye skrini zote.

Pili, tundu likiwa moja tu, kadi ya michoro yahitajika. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha fungua kasha na kuangalia mambo matatu:

(a) Nafasi. Kadi nyingi huchomekwa katika mfuo mrefu uitwao PCI Express x16.

(b) Kimo. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu.

(c) Umeme. Mfuo huo hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayotaka zaidi hudai waya wa ziada, ambao kompyuta nyingi za ofisi hazina. Kwa ramani na maandishi, kadi ndogo yatosha; kadi kubwa ni ya michezo na filamu.

Tatu, linganisha matundu. Kadi nyingi mpya hazina VGA. Skrini ya zamani itahitaji kigeuzi, si waya mtupu.

Nne, baada ya kufunga kadi, chomeka skrini zote mbili kwenye kadi hiyo, kwa sababu tundu la zamani huenda likazimika. Weka programu ya kadi. Katika Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague njia ya tatu, ya kupanua. Njia ya pili hurudufu picha, na majibu yatafichuka tena.

Hata hivyo, skrini haifundishi. Kinachofundisha ni swali linaloulizwa na muda anaopewa mtoto wa kulifikiri. Mwalimu asiye na kompyuta aweza kufuata kanuni iyo hiyo kwa ubao na karatasi iliyofunikwa.

Zoezi: Chora nyuma ya kompyuta mojawapo ya chuo, taja kila tundu, kisha eleza kama kadi yahitajika au la.