"Bwana" na "mtumwa" katika programu huria: istilahi jumuishi na kazi ya mfasiri

Programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza huitwa kwa Kiswahili "programu huria". Neno "huria" ni ndugu wa "huru" na "uhuru", maneno yenye asili ya Kiarabu. Katika enzi za utumwa pwani ya Afrika Mashariki, "huru" lilikuwa neno la kisheria kabla ya kuwa la kisiasa: mtu huru ni yule asiyemilikiwa na mwingine. Hata hivyo, ndani ya programu hizohizo huria, kwa miongo kadhaa mashine moja iliitwa kwa Kiingereza "master", yaani bwana, na nyingine iliyoifuata ikaitwa "slave", yaani mtumwa.

Mjadala wa kuyaacha maneno hayo umebadilisha nyaraka, amri na majina katika miradi mingi. Kwa mwanafunzi, mwalimu na mfasiri wa Kiswahili, mjadala huo una swali la ziada: istilahi ya Kiingereza inapobadilika, Kiswahili kibadilike vipi, na je, kina haja ya kubadilika kila mara?

Maneno yanayobishaniwa

Katika hifadhidata, jozi ya "master" na "slave" ilieleza mpango ambamo seva moja hupokea data mpya na seva nyingine huzinakili. Sitiari hii ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1904 mwanaastronomia David Gill, aliyekuwa akiongoza kituo cha kuchunguza nyota cha Cape Town, aliitumia kueleza saa mbili, moja ikiiongoza nyingine. Mtafiti Ron Eglash, katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu historia ya sitiari hiyo, alionyesha kwamba ilienea katika uhandisi muda mrefu baada ya utumwa kupigwa marufuku katika makoloni ya Uingereza. Haikuwa, basi, mabaki ya lugha ya mashamba ya watumwa. Wahandisi waliichagua wakiwa na maneno mengine mkononi.

Jozi ya pili ni "blacklist" na "whitelist", yaani orodha ya wanaozuiwa na orodha ya wanaoruhusiwa. Neno "blacklist" limo katika Kiingereza tangu karne ya 17, na asili yake haikuhusu rangi ya ngozi ya watu. Lipo pia neno "master" likisimama peke yake, kama jina la tawi la msingi katika mfumo wa Git. Hapo wapo wanaolihusisha na nakala asilia ya rekodi ya muziki, na wapo wanaolihusisha na jozi ile ya bwana na mtumwa.

Hatua zilizochukuliwa

Mwaka 2003 uongozi wa Kaunti ya Los Angeles uliwaomba wauzaji wa vifaa waepuke lebo za "master" na "slave". Wengi waliuchukulia wito huo kama kichekesho. Mwaka 2014 miradi ya Drupal na Django iliacha jozi hiyo katika maelezo ya hifadhidata na kutumia "primary" na "replica". Mwaka 2018 mjadala ulifika katika lugha ya Python. Guido van Rossum, mwasisi wake, alikubali sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyopendekezwa, lakini akakataa moja lililogusa istilahi iliyotoka katika mfumo wa UNIX wenyewe. Mwaka huohuo Redis ilianza kutumia amri REPLICAOF mahali pa SLAVEOF, huku amri ya zamani ikiendelea kufanya kazi.

Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa mikononi mwa polisi huko Minneapolis tarehe 25 Mei, mabadiliko yalishika kasi. Mwezi Julai Linus Torvalds aliidhinisha mwongozo mpya wa istilahi kwa kiini cha Linux. Mwongozo huo ulihusu msimbo mpya, na uliacha nafasi kwa maneno ya zamani pale yanapolazimishwa na maunzi au itifaki zilizokwisha kuwekwa. Kuanzia tarehe 1 Oktoba, GitHub ilifanya "main" kuwa jina la tawi la msingi kwa hifadhi mpya.

Hoja za pande mbili

Wanaopinga wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Jina likibadilishwa, programu ndogondogo zilizolitegemea huvunjika, na gharama ya kuzirekebisha huwaangukia watu wengi wanaojitolea bila malipo. Maneno, wanasema, hupata maana kutokana na muktadha, na hakuna mhandisi anayefikiria mnada wa watu anapopanga seva. Wengine huongeza kwamba historia ya Marekani haipaswi kuamua msamiati wa dunia nzima, na kwamba kubadilisha jina ni rahisi kuliko kubadilisha hali za watu.

Wanaounga mkono hujibu kwamba mradi huria huishi kwa kuwakaribisha wageni, na mgeni hukutana na maneno kabla hajakutana na watu. Huongeza hoja ya usahihi: neno "replica" humwambia msomaji kwamba seva hiyo inanakili, na "allowlist" humwambia kwamba orodha hiyo inaruhusu. "Slave" na "whitelist" humtaka kwanza ajifunze sitiari. Hoja hii ya usahihi ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa mfasiri, kwa sababu haitegemei historia ya nchi moja.

Neno "mtumwa" katika Kiswahili

Hoja kwamba sitiari ya utumwa ni suala la Marekani pekee haina nguvu mbele ya msemaji wa Kiswahili. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kamusi bado zinahifadhi msamiati wa enzi hiyo: mtwana, mjakazi, mzalia. Kumwambia mtu kwamba ametoka katika ukoo wa watumwa bado ni tusi.

Kimofolojia, "mtumwa" hutokana na -tuma katika kauli ya kutendwa: ni yule anayetumwa. Mzizi huohuo umezaa "mtume" na "mtumishi", maneno yenye heshima. Hata -tumia kwa umbo ni kauli ya kutendea ya -tuma, na kutoka humo lugha imepata "mtumiaji", neno ambalo halikosekani katika maelezo yoyote ya programu. Mzizi, basi, si tatizo.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba asili ya neno haitoshi kulihukumu. "Muungwana" zamani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu, na anayemwambia mwenzake "kuwa muungwana" hamkumbushi yeyote nasaba yake. Maana ya zamani imefifia. Katika "mtumwa" maana haijafifia: msikilizaji wa leo husikia kilekile alichosikia babu yake. Kipimo kinachofaa, kwa hiyo, ni kile ambacho neno linasema kwa wasemaji wa sasa, pamoja na usahihi wake katika kueleza kitu kinachotajwa.

Sarufi nayo huongeza uzito. Kiingereza kinaweza kuiita seva "slave" bila sentensi nzima kuigeuza mtu. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu "mtumwa" huleta upatanisho wa ngeli ya watu. Maelezo ya kawaida ya kile kinachotokea seva inapokufa yangekuwa hivi: "Bwana akifa, mtumwa mmoja hupandishwa cheo awe bwana." Sentensi hiyo inasomeka kama habari ya mirathi katika nyumba ya tajiri wa karne ya 19. Tafsiri inayoeleza kazi ni hii: "Seva kuu ikizimika, seva mojawapo ya nakala huchukua nafasi yake." Hapo hakuna aliyetwezwa, na msomaji ameelewa kinachotokea.

Mabadiliko yasiyoonekana: "master" na "main"

Kwa Kiswahili, "master branch" hutafsirika vizuri kama "tawi kuu". "Main branch" nayo ni "tawi kuu". Badiliko lililozua mabishano makali kwa Kiingereza hutoweka, kwa sababu Kiswahili hugawa maana za "master" katika maneno tofauti: bwana, fundi stadi, nakala asilia, shahada ya uzamili, na kivumishi -kuu. Mfasiri hana haja ya kubuni istilahi mpya ili kuonyesha kwamba Kiingereza kimebadilika.

Matatizo mawili hubaki. Kwanza, matini inayozungumzia badiliko lenyewe haiwezi kusema "tawi kuu limebadilishwa kuwa tawi kuu". Hapo maneno ya asili yaachwe katika alama za kunukuu. Pili, jina la tawi ambalo mtumiaji huliandika katika amri halitafsiriwi. Mwanafunzi akiandika "kuu" mahali pa "main", amri haitafanya kazi.

Rangi, jinsia na ulemavu

"Orodha nyeusi" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Rangi katika Kiswahili hazina mpangilio mmoja wa wema na ubaya: mtu mwenye roho nyeusi ni mwovu, mwenye moyo mweupe ni mwema, lakini mwanafunzi aliye mweupe kwenye mtihani hajui kitu. Kwa sababu hiyo "orodha nyeupe" haimwelezi msomaji kama waliomo wanaruhusiwa au hawana kitu. "Orodha ya waliozuiwa" na "orodha ya walioruhusiwa" hazihitaji ufafanuzi.

Sehemu nyingine ya mjadala wa Kiingereza, ile ya viwakilishi vya jinsia, haiihusu lugha hii. "Mtumiaji akibofya" humhusu kila mtu.

Upo upande ambapo Kiswahili kina kazi yake chenyewe. "Kipofu", "kiziwi" na "kilema" vina kiambishi ki-, ambacho ni cha vitu na cha udogo. Ndiyo maana waandishi wengi sasa huchagua "mtu asiyeona" au "mtu mwenye ulemavu", kama ambavyo "mtu mwenye ualbino" limechukua nafasi ya "zeruzeru". Menyu ya programu inayoeleza visaidizi vya kusoma skrini inakutana na suala hili moja kwa moja, hata kama matini ya Kiingereza haikuligusa. Vivyo hivyo, "dummy data" ni "data ya mfano", na "sanity check" ni "ukaguzi wa awali". Ububu na wazimu havina nafasi humo.

Mwongozo wa matumizi

Istilahi mpya za Kiingereza zinatofautiana kwa sababu uhusiano wa mashine zenyewe unatofautiana. Mfasiri aulize kwanza kifaa kinafanya nini, kisha achague:

- Seva moja huandikiwa, nyingine hunakili: *seva kuu* na *seva ya nakala*, au *chanzo* na *nakala*.
- Seva ya pili husubiri ya kwanza izimike: *seva kuu* na *seva ya akiba*.
- Programu moja hugawa kazi, nyingine huzitekeleza: *kidhibiti* na *wakala*.
- Orodha za ruhusa: *orodha ya walioruhusiwa* na *orodha ya waliozuiwa*, kwa vitu, *vilivyoruhusiwa* na *vilivyozuiwa*.
- Tawi la msingi: *tawi kuu*, jina halisi la tawi likiachwa kama lilivyo.
- Amri na majina ndani ya msimbo, yakiwemo ya zamani: yasitafsiriwe wala kusahihishwa, maelezo yanayoyazunguka ndiyo yatumie istilahi za hapo juu.
- Matini ya kihistoria: "bwana" na "mtumwa" yatumike pale yanaponukuu au kueleza istilahi ya zamani, si kama majina ya vifaa.

Miradi mingi ya programu huria bado haijatafsiriwa kwa Kiswahili. Hali hiyo ni upungufu, lakini pia ni nafasi. Wasanidi wa Kiingereza wanafuta maneno yaliyokwisha kuzoeleka katika maelfu ya faili, kwa gharama na kwa mabishano. Mfasiri wa Kiswahili mara nyingi analiandika neno kwa mara ya kwanza, na kulichagua vizuri sasa hakumgharimu chochote.