Roketi Inayorudi kwa Miguu Yake, na Swali Nililoulizwa Nakuru

Mie ni mtoto wa Malindi, lakini riziki yangu iko Nakuru, ninakofundisha fizikia katika shule ya upili. Majuzi niliwaonyesha wanafunzi video ya roketi ikishuka kutoka juu na kutua wima, kichwa juu na miguu chini, vile vile ilivyoondoka. Darasa zima likapiga makofi. Nilipodhani somo limekwisha, binti mmoja akanyosha mkono.

"Mwalimu, ikweta inapita hapo Mogotio. Kama roketi siku hizi zinarudi zenyewe, kwa nini zisirushwe kutoka hapa kwetu? Kwa nini kila tukisoma habari za roketi Kenya ni Malindi tu?"

Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Jibu la swali lile linawahusu watu wa Bonde la Ufa, lakini linatuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Ndiyo maana nimeona niliandike hapa.

Tuanze nyumbani, Ngomeni. Kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi 9 aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama juu ya nguzo baharini. Mradi ulikuwa wa Waitaliano, ukiongozwa na Profesa Luigi Broglio, na roketi zenyewe zilikuwa za Wamarekani. Safari iliyopata sifa zaidi ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota za mbali. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya kitaifa, wenyewe wakaipa jina Uhuru.

Scout ilikuwa na vipande vinne, kimoja juu ya kingine. Kila kipande kikiisha mafuta kilidondoka, na vile vya chini viliangukia Bahari Hindi. Hakikurudi hata kimoja. Tena mafuta yake yalikuwa makavu, kama ya fataki: ukishawasha, huwezi kuzima wala kupunguza moto mpaka yaishe. Roketi ya namna hiyo haina njia ya kurudi, kwa sababu kurudi kunataka moto unaotii.

Fikiria mtu anaunda jahazi, analipakia, analipeleka Muscat safari moja, kisha analizamisha na kurudi kuunda jingine. Nauli ya jahazi hilo angeilipa nani? Kwa miaka mingi biashara ya anga ilikwenda hivyo, na ndiyo sababu ilibaki kuwa ya mataifa makubwa.

Roketi iliyobadilisha hesabu hiyo ni Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Ina urefu wa mita 70 na vipande viwili. Kipande cha chini ndicho chenye gharama kubwa, maana kina injini 9. Injini hizo huchoma mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, pamoja na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kama maji. Kwa kuwa mafuta hayo yanapita kwenye mabomba, injini inaweza kuzimwa, kuwashwa tena na kupunguzwa, kama jiko la gesi.

Baada ya dakika mbili na nusu hivi, kipande cha chini kimemaliza kazi ya kusukuma. Kiko juu zaidi ya kilomita 60 na kinakwenda maelfu ya kilomita kwa saa. Kinaachana na mwenzake, ambaye anaendelea na mzigo. Chenyewe kinajigeuza kwa vipulizo vya gesi ili kitangulize injini. Kama kina mafuta ya kutosha, kinawasha injini chache na kurudi kilikotoka. Kama mafuta ni kidogo, kinaelekea kwenye tishari lisilo na mtu linalokingoja katikati ya bahari. Kikianza kuingia kwenye hewa nzito, kinawasha injini tena ili kasi ipungue kisije kikaungua. Juu yake yanafunguka mapezi manne yenye matundu matundu kama dema, nayo yanafanya kazi ya usukani.

Wanafunzi wangu walidhani jambo gumu ni kusimama wima. Ni gumu kweli. Simamisha ufito kwenye kiganja chako uone kama mkono utatulia. Roketi nayo hufanya vivyo hivyo, inainamisha injini huku na huku bila kupumzika ili isilale. Lakini lililo gumu zaidi ni wakati. Kikikaribia chini, kipande kile ni kitupu, chepesi kiasi kwamba injini moja peke yake, hata ikipunguzwa kabisa, ina nguvu kuushinda uzito wake. Kwa hiyo hakiwezi kuelea hewani kikitafuta pa kutua. Kikiwasha mapema, kitasimama kingali juu na kuanza kupanda tena. Kikichelewa, kitajipigiza chini. Lazima kasi ifike sufuri pale pale miguu minne inapogusa.

Nahodha aliyewahi kuingiza jahazi bandarini kwa tanga ananielewa. Akitua tanga mapema, chombo kitasimama kabla ya gati. Akichelewa, atavunja gati na chombo. Tofauti ni kwamba roketi hufanya hesabu hiyo kwa kompyuta, na haina nafasi ya pili. Tangu kuondoka mpaka kutua ni dakika 8 hivi.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Vyombo vya Apollo vilitua wima mwezini tangu 1969, lakini kule hakuna hewa na mvutano ni mdogo. Hapa duniani, tarehe 18 Agosti 1993, roketi ya majaribio iliyoitwa DC-X ilipanda mita 46 hivi katika jangwa la New Mexico, ikasogea pembeni na kutua. Mwaka 1996 mguu wake mmoja ulikataa kufunguka, ikaanguka na kuungua, na mradi ukaishia hapo. Novemba 2015, New Shepard ya kampuni ya Blue Origin ilifika ukingoni mwa anga na kurudi. Mwezi uliofuata, Falcon 9 ikawa ya kwanza kutua baada ya kupeleka setilaiti kwenye njia ya kuizunguka dunia. Machi 2017, kipande kilichokwisha kuruka kikarushwa mara ya pili. Kabla ya kufika hapo, vingine kadhaa viliishia baharini au kwenye moto.

Sisi Wakenya tumeshafaidika na jambo hili, ingawa wengi hawajui. Tarehe 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, ikiwa na mizigo 51. Mmojawapo ulikuwa Taifa-1, setilaiti yetu ndogo ya kubebeka mikononi, iliyogharimu shilingi milioni 50 hivi. Kipande cha chini kikarudi kutua pale pale Vandenberg. Kwa ufupi, Taifa-1 ilipanda matatu: nauli wamechangiana abiria wengi, na gari limerudi stendi kuchukua wengine.

Taifa-1 iliundwa iwe jicho la kutazama mashamba, misitu na maji, na hapa Nakuru jicho la namna hiyo si anasa. Ziwa Nakuru limepanda mpaka likameza lango kuu la zamani la mbuga. Kule Naivasha, maji ya ziwa yameingia kwenye nyumba za watu. Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa milimani yalishuka Mai Mahiu usiku na kuua makumi ya watu. Setilaiti haizuii mafuriko, lakini inaonyesha maji yanapokusanyika. Kadiri nauli ya roketi inavyoshuka, ndivyo nchi kama yetu inavyoweza kuwa na macho mengi.

Sasa nirudi kwa yule binti. Nilimwambia yuko sahihi kuhusu ikweta. Hapa dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Nakuru pia iko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kisha nikampa ramani na rula, avute mstari kutoka Nakuru kwenda mashariki. Akavuta, akasoma kwa sauti: Nyandarua, Nyeri, Chuka, Garissa, Somalia. Nikamwambia afanye hivyo hivyo kutoka Ngomeni. Akakuta maji matupu.

"Lakini Mwalimu, si inarudi?"

Inarudi ikienda salama. Isipokwenda salama, inaanguka na mafuta yake yote juu ya aliye chini. Na hata ikienda salama, kinachorudi ni kipande cha chini tu.

Wenzetu wa kijiji cha Mukuku, Makueni, wanalijua hilo. Tarehe 30 Desemba 2024 iliwaangukia pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya roketi. Kwa bahati hakuumia mtu. Nisidanganye: kutua wima kwa kipande cha chini kusingeizuia pete ile, kwa sababu ilikuwa katika takataka zinazoachwa juu na kushuka kwa wakati wake. Ndiyo maana SpaceX sasa wanaijaribu Starship, ambayo wanataka vipande vyote viwili virudi. Oktoba 2024 kipande chake cha chini kilidakwa hewani na mikono ya mnara.

Hapa ndipo ninapowageukia watu wa kwetu. Kumekuwa na mazungumzo ya kuifufua Ngomeni irushe roketi tena. Mie siyapingi. Bahari ile na ikweta ile ni mali. Ila tusishangilie kama wanafunzi wangu, tukasahau kuuliza kama yule binti.

Roketi ikirushwa, bahari hufungwa. Ikiwa kuna tishari la kutulia, hufungwa sehemu mbili. Mvuvi wa Ngomeni atalipwa nini siku hizo? Jambo la pili ni sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha roketi kwa hasara inayotokea ardhini, na nchi inayotoa ardhi au jukwaa lake huhesabiwa kuwa miongoni mwa waliorusha. Roketi ya mgeni ikiondoka Ngomeni na kuangukia kijiji cha watu, deni litabisha hodi Kenya pia. Je, bima ataikata nani? Na la tatu, katika safari zile 9 za zamani, wahandisi wangapi walikuwa watoto wa Malindi? Safari hii tutaka nafasi ngapi za masomo, na ziandikwe wapi?

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Roketi zimejifunza kurudi. Maswali haya yaulizwe barazani, kwa madiwani na wabunge wetu, kabla kalamu haijagusa karatasi.