Uvimbe shingoni: damu inajua nini?

Mama mmoja wa Mbagala, muuza vitumbua, alikuwa akijifunga mtandio shingoni hata jua la Februari likiwaka. Majirani walidhani ni stara, kumbe anaficha goita. Siku alipopima damu, alirudi na karatasi iliyoandikwa TSH 1.8, kawaida. Akashusha pumzi, mambo yakaishia hapo. Lakini karatasi ile ilijibu swali moja tu, na maswali yalikuwa mawili.

Tezi dundumio, iliyokaa mbele ya koo mfano wa kipepeo, hutoa homoni za T4 na T3 zinazoamua mwili uende kwa kasi gani. Msimamizi wake ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayotoa TSH. Homoni za shingoni zikipungua, TSH hupanda, zikizidi, hushuka. Tena msimamizi huyu hushtuka upesi: T4 ikipungua kwa nusu, TSH inaweza kupanda hata mara 100. Ndiyo maana daktari huanza nayo. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kawaida.

TSH ikiwa chini na T4 juu, tezi inafanya kazi kupita kiasi. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu anakula vizuri na bado anakonda. Jasho halimshtui, maana Dar nani hatoki jasho? Wengi huhangaika na vipimo vya presha na malaria kabla shingo haijakumbukwa. TSH ikipanda na T4 ikashuka, tezi imelegea. Mwenye hali hiyo ndiye utakayemkuta Temeke amevaa sweta mchana. Katika hali zote mbili kingamwili husaidia kujua chanzo: zile zinazolenga TPO, kimeng'enya cha tezi hii, zikiwa nyingi huashiria ugonjwa wa Hashimoto, unaoilegeza tezi, na zinazoamsha kipokezi cha TSH huashiria ugonjwa wa Graves, unaoiendesha kupita kiasi.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara, zikaonyesha TSH ya chini na T4 ya juu kwa mtu mzima wa afya. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu biotini na vipimo vya maabara. Mwambie daktari unavitumia kabla hujatoa damu. Huenda akakuambia uviache kwa siku mbili au zaidi.

Hayo yote ni swali la kwanza: tezi inafanyaje kazi? Sasa swali la pili: uvimbe wenyewe ni kitu gani? Hapo TSH haina jibu. Goita kubwa inaweza kuwa na TSH safi kabisa, na saratani nyingi za tezi hii huanza vivyo hivyo. Hata thairoglobulini, protini ya tezi hii inayopimwa kwenye damu, hupanda kwa goita ya kawaida, kwa hiyo haitenganishi. Kinachotazama uvimbe ni ultrasaundi, na ukitiliwa shaka, sindano nyembamba huchota chembe zikachunguzwe. Vinundu vingi si saratani, na kipimo ndicho kinachompa mtu haki ya kuamini hivyo.

Simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza funda la maji. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na koo kwa kawaida hutoka kwenye tezi. Mama wa vitumbua alifanya hivyo jioni moja, taa ikiwa imewashwa, mtandio ukiwa juu ya kiti. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye foleni ya ultrasaundi.