Kidonge cha Maumivu na Figo za Askari

Askari hufundishwa tangu wiki za mwanzo kuijua silaha yake: namba yake, sehemu zake, idadi ya risasi alizokabidhiwa na saa alizokabidhiwa. Akirudi lindoni huzihesabu tena mbele ya mkuu wake. Lakini kipo kitu kimoja kidogo kinachokaa mfukoni mwa shati lake ambacho aghalabu hajui hata jina lake. Hukinunua kikiwa kimekatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi yake ya bati, na jina la dawa likabaki upande wa pili wa mkasi.

Kitu hicho ni kidonge cha maumivu.

Tuchukue mfano wa askari polisi aliyepangiwa kazi Juru, mojawapo ya maeneo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yanakaliwa na Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, ambao wengi wao huelewana na askari wetu kwa Kiswahili. Kazi ya askari huko ni kazi ya miguu. Hupanda na kushuka vilima, husimama saa nyingi penye mikusanyiko ya watu, na hutikiswa juu ya bodaboda katika barabara ya vumbi. Baada ya miezi michache goti huvimba. Mji wa Mbarara, wenye hospitali kuu ya rufaa, uko mbali na zamu yake ya usiku iko karibu. Basi huingia duka la dawa lililo jirani, akasema, "Nipe ya magoti," akapewa vidonge vya kumeza, na pengine sindano.

Hakuna wa kumlaumu askari huyo kwa kutafuta nafuu. Maumivu si ushujaa, na mtu anayechechemea hawezi kulinda raia. Linalotupasa kuuliza ni alichopewa, kiasi alichopewa, na hali ya mwili wake saa ile alipokimeza.

Dawa tunazozizungumzia ni zile zinazotuliza maumivu na kupunguza uvimbe kwa pamoja. Ukoo wake ni mkubwa: asprini, ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, piroksikamu, meloksikamu, naproksini. Asprini ndiyo kongwe. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza mwaka 1899. Ibuprofeni ilibuniwa na Mwingereza Stewart Adams na wenzake, ikaanza kutolewa Uingereza kwa cheti cha daktari mwaka 1969. Parasetamoli, ile ambayo wengi huiita Panadol, haimo katika ukoo huu. Hushusha homa na kutuliza maumivu, lakini haipunguzi uvimbe kwa kiasi cha maana.

Namna dawa hizi zinavyofanya kazi ilikuwa fumbo hadi mwaka 1971, pale Mwingereza John Vane alipoonyesha kwamba asprini huuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwa uchunguzi wa kemikali hizo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Goti likiumia, prostaglandini huchangia kulifanya livimbe, lipate moto na liume. Zikizuiwa, nafuu huja. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi nyingine njema. Tumboni husaidia kuukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Katika figo husaidia kuiacha mishipa wazi ili damu ipite na kuchujwa. Kidonge hakijui goti wala figo. Kikiingia katika damu huzuia kotekote.

Hapo ndipo lilipo kosa la wale wanaodai sindano kwa hoja kwamba "haipiti tumboni". Kinga ya tumbo haivunjwi tu na kidonge kinachogusa ukuta wake, bali zaidi na dawa iliyomo katika damu. Kwa hiyo diklofenaki iliyochomwa sindano yaweza kuleta vidonda vya tumbo sawasawa na ile iliyomezwa. Isitoshe, sindano iliyochomwa vibaya kalioni yaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, na mtu aliyekuja kutibiwa mgongo akaondoka akiburuta unyayo. Sindano ina mahali pake, chini ya mkono wa mtu aliyesomea kazi hiyo. Kuidai kwa sababu inaonekana kuwa na nguvu zaidi ni kudai hatari bila faida.

Chakula pia kina hadithi yake. Ni vyema kumeza dawa hizi baada ya kula, kwa kuwa hupunguza kichefuchefu na mwasho. Lakini sahani ya posho na maharagwe haiondoi hatari ya vidonda, na waragi huiongeza. Aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo, au mwenye umri uliopindukia miaka 60, asizimeze kabla ya kumwona daktari, ambaye aweza kumwandikia pamoja nazo dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli.

Sasa tuje kwenye figo, jambo linalotuhusu zaidi sisi wenye kuvaa magwanda. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, figo hazizitegemei sana prostaglandini. Maji yakipungua kwa jasho, kwa kuhara au kwa kutapika, ndipo zinapozitegemea ili damu iendelee kuzifikia. Askari anayetembea na mzigo mgongoni tangu alfajiri hadi jua la utosini, chupa yake ya maji ikiwa imekauka, na kisha akameza vidonge viwili vya diklofenaki ili asiachwe nyuma na wenzake, amezinyima figo zake msaada wakati ule ule zinapouhitaji.

Hili si la kubuni. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya wakimbiaji wa mbio ndefu mno za nyikani. Miongoni mwa waliopewa ibuprofeni, asilimia 52 walionyesha dalili za figo kudhurika kwa muda. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 34. Mwaka 2019 zikachapishwa hesabu za askari zaidi ya 760,000 wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wale walioandikiwa zaidi ya dozi saba za siku za dawa hizi kwa mwezi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maradhi ya figo, kwa takribani asilimia 20, kuliko wasioandikiwa kabisa. Ongezeko hilo si la kumtisha mtu mmoja mmoja. Lakini kwa jeshi zima ni idadi ya watu wanaoacha kazi mapema na kwenda kutafuta mashine ya kusafisha damu.

Mwenye kutaka ushahidi wa nguvu ya diklofenaki juu ya figo na awatazame tai wa Bara Hindi. Wafugaji huko walikuwa wakiwatibu ng'ombe wao kwa dawa hiyo. Tai walipokula mizoga ya ng'ombe hao, figo zao zilikufa. Aina kadhaa za tai zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sababu hiyo ilithibitishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zikaanza kuipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu si tai, na mwili wetu huistahimili dawa hiyo kuliko ndege. Hata hivyo, kwa wenzetu wa Ankole wanaojua thamani ya ng'ombe na kazi ya tai, habari hiyo si ndogo.

Kosa linalotendeka mara nyingi zaidi ni la majina. Dawa moja hutengenezwa na viwanda vingi, na kila kiwanda huipa jina lake na rangi yake. Askari hupewa kidonge cha njano Mbarara mjini, akifika Juru akanunua cha pinki, akadhani ameongeza dawa ya pili. Kumbe ni diklofenaki juu ya diklofenaki. Au humeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo na asprini kwa ajili ya kichwa. Mbili za ukoo huu zikimezwa pamoja haziongezi nafuu ya maana, huongeza madhara. Ukichanganya na prednisoloni au deksamethasoni, hatari ya tumbo kutoka damu huzidi. Na mwenye presha anayetumia dawa za kushusha presha pamoja na zile za kuongeza mkojo, akizidisha na diklofenaki, huzibana figo kutoka pande tatu. Lakini aliyeandikiwa na daktari asprini kidogo kila siku kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya makala haya.

Kiasi chake ni hiki kwa mtu mzima. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti isizidi miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge sita vya miligramu 200, vikigawanywa mara tatu. Diklofenaki isizidi miligramu 150 kwa siku, tena kwa agizo la mganga. Kanuni ya waganga ni kiasi kidogo kabisa kinachotosha, kwa siku chache kabisa. Maumivu yanayodai kidonge baada ya siku kumi ni maumivu yanayodai uchunguzi. Maumivu ya mfupa wa muundi yanayozidi kila matembezi yaweza kuwa ufa katika mfupa. Atakayeyazima kwa vidonge aendelee kutembea huenda akauvunja kabisa.

Kwa kifundo kilichoteguka, kitambaa cha maji baridi, bendeji, kuuinua mguu na siku mbili za kutotembea hufanya kazi kubwa. Diklofenaki ya kupaka husaidia goti na kifundo, na ni sehemu ndogo tu yake inayoingia katika damu. Makamanda watakumbuka kwamba siku mbili za kazi nyepesi ni gharama ndogo kuliko miezi miwili ya kitanda.

Homa ni jambo jingine, na katika magharibi ya Uganda lina uzito wa pekee. Mwaka 2012 ugonjwa wa Marburg ulizuka Ibanda na Kabale. Mwaka 2016 Homa ya Bonde la Ufa ikatokea Kabale. Maradhi haya huweza kumfanya mgonjwa atoke damu, na asprini, ibuprofeni na diklofenaki huudhoofisha uwezo wa damu kuganda. Kwa hiyo homa isiyojulikana chanzo chake ipewe parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku, na mgonjwa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Watoto wenye homa nyumbani wasipewe asprini kabisa.

Askari wa kike na wake wa askari wenye mimba waziepuke dawa hizi kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa amri ya daktari, kwa maana zaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni, na miezi ya mwisho zaweza kufunga mapema mshipa muhimu ulio karibu na moyo wake. Wenye pumu nao waseme kwanza, kwani baadhi yao hubanwa kifua kwa kidonge kimoja tu.

Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, matapishi yakifanana na machicha ya kahawa, mkojo ukipungua sana, miguu ikivimba au pumzi ikikatika, dawa iachwe mara moja na mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka hapo Mbarara, hata kama ni usiku.

Katika vituo vyetu vingi mgonjwa huja na daftari lake la shule ambamo mganga huandika. Daftari hilo lisafiri na askari kila anapohamishwa, kutoka Makenke hadi Juru au kwingineko, na anaponunua dawa dukani amwombe muuzaji aandike humo mambo matatu: jina la dawa lenyewe na si la kiwanda, nguvu yake kwa miligramu, na tarehe. Muuzaji asiyeweza kuyaandika hayo, dawa yake ibaki kwenye rafu.