Kwa Nini Aliyekuja Nyuma Hutibiwa Mbele

Jambo hili laweza kuonekana siku yoyote katika hospitali ya kaunti. Mtu ameketi juu ya benchi mbele ya idara ya dharura tangu jua kuchomoza. Mkono wake umefungwa kitambaa, kwa sababu alijikata kwa panga alipokuwa akichonga mpini wa jembe. Mara mama mmoja aingia, naye amebeba mtoto. Mtoto huyo halii wala hajisogezi. Muuguzi amtazama, ampokea mikononi, na kuingia naye ndani upesi bila kuuliza jina lake. Yule mtu wa benchini aguna, asema, "Mimi nilifika kabla yao. Kumbe hapa watu hutibiwa kwa kujuana!"

Maneno kama hayo husemwa mara nyingi, na si ajabu, kwa maana kwenye kinu cha kusaga unga na kwenye dirisha la posta desturi ni kwamba aliyetangulia ndiye wa kwanza. Lakini idara ya dharura ina desturi nyingine. Hapo haiulizwi nani aliyefika kwanza, bali nani atakayekufa kwanza asiposaidiwa. Kazi hiyo ya kupanga wagonjwa kwa kadiri ya hatari yao si upendeleo, bali ndiyo dawa ya kwanza ya hospitali.

Desturi hii ni ya zamani. Daktari Dominique Jean Larrey, aliyekuwa mpasuaji katika jeshi la Napoleon wa Ufaransa, alifundisha kwamba askari aliyejeruhiwa vibaya atibiwe kwanza, bila kutazama cheo chake. Siku hizo lilikuwa jambo geni kwa ofisa kungoja wakati askari wa kawaida anatibiwa.

Barani Afrika kanuni hiyo imepangwa upya ifae hospitali zenye wagonjwa wengi na waganga wachache. Mwaka 2004 waganga na wauguzi wa Cape Town, Afrika Kusini, walianza kutengeneza mpango wa rangi, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine. Mgonjwa wa rangi nyekundu hutibiwa papo hapo. Wa rangi ya machungwa yapasa aonwe kabla ya dakika 10 kupita, wa manjano kabla ya saa moja, na wa kijani kabla ya saa 4. Ziko hospitali zenye mpango wa rangi tatu tu, lakini maana yake ni ile ile.

Muuguzi hapati rangi hizo kwa kubahatisha. Huhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika moja, huhesabu mapigo ya moyo, hupima joto na msukumo wa damu, kisha hutazama kama mgonjwa yu macho, au huitikia akiitwa, au hushtuka akiumizwa tu, au haitiki kabisa. Kwa mtoto mdogo huangalia pia kama anapumua kwa shida, kama midomo imekuwa ya buluu, kama ana kifafa, na kama kuhara kumemkausha maji mwilini. Hushika mikono yake kuona kama ni baridi. Tena hubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, akauachilia, akahesabu. Ikiwa zapita sekunde 3 kabla ya wekundu kurudi, na mapigo ni dhaifu na ya haraka, damu haizunguki vema, naye mtoto yu hatarini.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mtoto anayelia kwa nguvu huwatia watu wote huruma, lakini kilio chenyewe chaonyesha kwamba pumzi yapita na akili ipo. Wa kuogopewa zaidi ni yule aliyelegea na kunyamaza. Wazee walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika chumba cha dharura neno hilo ni kweli kabisa.

Faida ya kupanga wagonjwa ilionekana wazi huko Blantyre, nchi ya Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth watoto wengi walikuwa wakifa, na wengi wao walikufa katika saa 24 za kwanza baada ya kulazwa. Basi ikafanywa sehemu ya dharura kwa ajili ya watoto, wauguzi na waganga wakafundishwa kuwatambua walio hatarini na kuwahudumia mara moja, na njia ya wagonjwa ndani ya hospitali ikapangwa vizuri zaidi. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 ilieleza kwamba hapo kwanza, katika kila watoto 100 waliolazwa, walikufa kati ya 10 na 18. Baadaye hesabu hiyo ilishuka ikawa kati ya 6 na 8. Watoto hao hawakuokolewa na mashine za fedha nyingi. Waliokolewa kwa sababu mtu aliwatazama mapema.

Katika Kenya mgonjwa wa dharura analindwa pia na sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaongeza kwamba hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikikataa, imefanya kosa, na yaweza kutozwa faini. Kwa hiyo mtu anayetokwa damu nyingi au asiyeweza kupumua asizuiliwe mlangoni kwa sababu ya fedha. Kwanza maisha yaokolewe, na ikiwa hospitali haina uwezo wa kumaliza kazi, impeleke penye uwezo.

Lakini mgonjwa na jamaa zake nao wana kazi yao. Kabla ya kufika hospitali, jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe samli, majivu wala dawa ya meno. Aliyeumwa na nyoka avuliwe pete na bangili, atulizwe asitembee, wala asichanjwe wala kufungwa kamba. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa mafuta yaweza kuingia mapafuni. Na mtu akinywa sumu au dawa isiyo yake, chupa au pakiti yake ichukuliwe hospitali, ili mganga ajue ni kitu gani.

Mkiisha kufika, elezeni mambo kwa ufupi na kwa ukweli: nini kilitokea, saa ngapi, na dawa gani zimekwisha kutumiwa. Asifichwe mganga wa kienyeji wala dawa ya mitishamba. Zaidi ya yote, ikiwa mgonjwa anayengoja abadilika, aanza kupumua kwa shida, asinzia isivyo kawaida, au atapika mara kwa mara baada ya kugongwa kichwani, mwite muuguzi upesi. Rangi iliyotolewa asubuhi si hukumu ya siku nzima. Wa kijani aweza kuwa mwekundu, na mara nyingi anayeketi karibu naye ndiye atakayeona kwanza.

Naye yule mtu wa benchini zamu yake itafika. Mkono wake utasafishwa na kushonwa, naye atachomwa sindano ya kuzuia pepopunda ikiwa yahitajiwa. Amepoteza saa chache, wala hakupoteza mkono. Mtoto yule, kama angengoja zamu yake benchini, huenda angepoteza uhai. Na siku moja huenda mtoto atakayebebwa mlangoni akiwa amelegea ni wake mwenyewe, na watu wa benchini wakampisha.